Vijana Waliochungulia Ugonjwa wa Nyuki

Mtu wa Karuba, katika vilima vya Masisi, akikuta mzinga wake mtupu, aghalabu atasema nyuki wamehama. Mara nyingi ni kweli, maana nyuki wa Afrika huhama upesi wakikosa maua au wakisumbuliwa na siafu. Lakini pengine hawakuhama, wamekufa. Mwenye mzinga hawezi kujua asipofungua sega na kutazama majana, yaani watoto wa nyuki. Elimu ya kutazama huko haina umri mrefu, na sehemu yake kubwa ni kazi ya vijana.

Mwaka 1885, huko Uingereza, mfuga nyuki Frank Cheshire na mganga kijana William Watson Cheyne walitangaza kwamba wamekipata kijidudu kiozeshacho majana. Wakakiita Bacillus alvei, na wengi wakaridhika.

Hakuridhika Gershom Franklin White, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliyekuwa akitafuta shahada ya udaktari. Aliona kwamba majana yaliyooza hayafanani. Mengine hugeuka ute wa rangi ya kahawia. Ukichovya kijiti na kukivuta polepole, ute hufuata kama uzi. Mengine hufa yakiwa machanga zaidi, wala hayavutiki hivyo. Basi yalikuwa magonjwa mawili, si moja! Katika kazi yake iliyochapwa mwaka 1906 alionyesha kwamba ule wa uzi huletwa na kijidudu kingine kabisa, ambacho leo huitwa Paenibacillus larvae. Mwaka 1912 akakitaja na cha ugonjwa wa pili. Kile cha Cheyne kumbe ni mgeni tu, ajaye kula mabaki ya maiti. Kwa maoni yangu, uvumilivu wa White wa kutofautisha maiti na maiti wapita uvumbuzi mwingi wenye sifa kubwa kuliko wake.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mbegu za kijidudu cha uzi hukaa hai katika mzinga mkavu kwa miaka makumi, na ndiyo sababu katika nchi nyingi mizinga yenye ugonjwa huo huchomwa moto.

Sasa tuje kwetu. Utitiri uitwao Varroa ulitoka kwa nyuki wa Asia, na katika karne ya 20 ukaenea Ulaya na Marekani ukiua makundi mengi mno. Mwaka 2009 ulionekana Kenya na Tanzania. Elliud Muli wa Kenya na wenzake wa Marekani walizunguka Kenya mwaka 2010, wakapima nyuki wa mahali 24. Waliukuta utitiri karibu kila mahali, isipokuwa kaskazini ya mbali. Wakakuta na virusi vya namna tatu. Ajabu ni kwamba makundi hayakudhoofika kwa sababu yake. Nyuki wetu walikuwa wakiuvumilia, bila dawa yoyote. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2014, na mwaka huohuo taasisi ya icipe ilifungua Nairobi maabara ya afya ya nyuki kwa ajili ya Afrika.

Uganda, jirani wa Kivu, zamu ilikuwa ya Moses Chemurot wa Makerere. Yeye na wenzake, pamoja na wale wa Ghent, Ubelgiji, walikusanya asali na majana katika nyanda za juu. Mwaka 2016 walitangaza kwamba katika kundi moja wamekipata kile kijidudu cha White. Kundi lenyewe lilionekana zima, wala hapakuwa na uozo.

Nyuki hawaulizi mpaka uko wapi, na asali husafiri sokoni kuliko nyuki wenyewe. Masega makuukuu yatupwayo nje ya nyumba, au mzinga uliotumika ukinunuliwa kwa mgeni, vyaweza kuvusha katika juma moja kitu ambacho nyuki wangechukua miaka kukivusha. Kijiti cha kuchovya hakigharimu kitu, na Masisi vijana wenye macho makali hawakosekani.