Habari za Msitu wa Amani

Milima ya Usambara ya Mashariki imesimama karibu na bahari ya Tanga, na mawingu yatokayo baharini huifikia mapema. Kwa sababu hiyo msitu wake haukosi mvua, na humo wamo vyura, vinyonga na ndege wasioonekana penginepo duniani. Maji ya Mto Zigi, wanywayo watu wa mji wa Tanga, hutoka huko.

Mwaka 1892 mtawala wa Kidachi aliyekaa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona huko ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya, limeota miambani penye kivuli. Akalipeleka kwa baba yake Ulaya, na mwaka 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia. (Msomaji asidhani kuwa ni jina la Mtume Paulo!) Leo uzao wake umejaa madirishani Ulaya na Marekani, nao huuzwa kwa fedha nyingi. Hatujapata kusikia kwamba wenyeji wa milima walipewa fungu lao.

Mwaka 1902 Wadachi wakajenga Amani nyumba za kuchunguza kilimo, wakapanda miti ya nchi nyingi. Mmojawapo ni mhesi, ambao mbegu zake huchukuliwa na hondohondo. Miti mikubwa ilipokatwa kwa mashine, mpaka miaka ya 1980, jua likaingia msituni, na mhesi ukaenea palipokuwa na miti ya asili.

Basi mwaka 1997 serikali iliufanya msitu kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Wageni huja kuutazama, na vijana wa vijijini wamefundishwa kuwaongoza.

Lakini liko jambo la iliki. Zao hili hupenda kivuli cha miti mikubwa, na mkulima hufyeka vichaka chini yake. Ndipo miche ya miti haikui, na mti mzee ukianguka hauna mrithi. Kwa hiyo, baada ya mwaka 2000, wakulima wa Derema walihesabiwa miche yao, wakalipwa, wakatolewa shambani, ili msitu wa Amani uungane na misitu ya kaskazini. Wengi walinung'unika kuwa malipo ni haba, nasi twaona wana haki. Fedha ile hulipwa mara moja, bali iliki huchumwa mwaka hata mwaka. Na ujira wa kijana aongozaye wageni hautoshi kulisha nyumba zote zilizoacha mashamba.