Pikipiki ya Njia Mbovu na Mipaka ya Ugani wa Kilimo: Mtazamo kutoka Nyegezi, Mwanza

Historia ya pikipiki nchini Tanzania aghalabu huelezwa kama historia ya bodaboda. Sehemu hii inahoji mwanzo huo. Kabla ya kuwa chombo cha abiria, pikipiki ya vijijini ilikuwa chombo cha ofisi, na aina iliyopendelewa ilikuwa ile ya njia mbovu.

Yamaha ilitoa DT-1 ya sentimita za ujazo 250 mwaka 1968, na Honda ikafuata na XL 250 mwaka 1972. Zote zililenga kwanza soko la starehe la Marekani. Katika Afrika Mashariki ndugu zao wadogo, hususan XL 125 na DT 125, walipewa kazi nyingine: kumbeba bwana shamba, mganga na mtumishi wa mradi.

Sababu za kiufundi zinaonekana kwenye ardhi yenyewe. Barabara kuu inayopita Nyegezi huelekea kusini hadi Misungwi, kilipo kituo cha utafiti wa pamba cha Ukiriguru. Nje ya barabara hiyo, Wasukuma huitambua ardhi kwa ngazi zake: luseni, mchanga wa miinuko, itogoro chini yake, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni. Wakati wa mvua mbuga hunasa gurudumu. Tairi zenye meno makubwa, tumbo la injini lililoinuka, na madigadi ya mbele iliyowekwa mbali na tairi ili tope lisikwame, vilijibu tatizo hilo hasa.

Mwaka 1989 ulianza mradi wa kufufua ugani kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukifuata mfumo wa Mafunzo na Ziara. Mfumo huo ulimtaka afisa awafikie wakulima kwa siku zilizopangwa. Usafiri ukawa sharti la elimu. Hata hivyo, mafuta, vipuri na matengenezo vilitegemea bajeti ya ofisi. Bajeti ilipokauka, pikipiki ilisimama, na ziara ikasimama nayo.

Bodaboda iliyoenea miaka ya 2000, na kuwekewa kanuni za leseni mwaka 2010, ilitumia pikipiki za India na China zilizoundwa kwa barabara ya kawaida. Kwenye tope ni dhaifu kuliko XL. Lakini kipuri chake hupatikana dukani, fundi yuko kijiweni, na nauli ya leo hununua mafuta ya kesho. Kwa hiyo uimara wa chombo hautoshi kueleza kudumu kwake. Lazima kuuliza nani anakigharimia, na safari inaanzia kwa nani: kwa ofisi au kwa mwananchi.

Swali hilo si la kale. Aprili 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi pikipiki kwa maafisa ugani. Historia iliyojadiliwa hapa inadokeza kwamba mafanikio ya hatua hiyo yapimwe si kwa idadi ya pikipiki zilizogawiwa, bali kwa zile zitakazokuwa bado zikivuka mbuga baada ya misimu kadhaa ya mvua.