Kifurushi Kisichofikika: Leseni na Mtandao Pasiwaya katika Debian, Ubuntu na Fedora, 1993–2023

Historia ya Linux huelezwa aghalabu kama historia ya urahisi ulioongezeka mwaka hadi mwaka. Insha hii inaupima mtazamo huo kwa kifaa kimoja kidogo, kadi ya mtandao pasiwaya, na inadai kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa leseni kuliko ufundi.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilijifunga mwaka 1997 kwa Mkataba wa Kijamii ulioahidi kwamba mfumo wenyewe utabaki huria. Mwaka 1999 toleo la 2.1 lilileta APT, zana inayovuta kifurushi pamoja na vyote kinavyovitegemea kutoka katika ghala la mbali. Upande wa vifurushi vya RPM, Fedora ilitumia yum, kisha DNF tangu toleo la 22 mwaka 2015.

Zana hizi zote zilichukulia kwamba mtumiaji tayari ameunganishwa. Mwenye kadi ya Broadcom hakuwa hivyo. Kiendeshi huria bcm43xx, kilichoingizwa katika kerneli ya 2.6.17 mwaka 2006, kiliandikwa kwa kuchunguza kiendeshi cha mtengenezaji, bila nyaraka zake. Hata baada ya kazi hiyo ngumu, kadi haikufanya kazi mpaka ipakiwe programu dhibiti, nayo haikuwa na ruhusa ya kusambazwa. Ilibidi kila mtu aichomoe mwenyewe kutoka katika kiendeshi funge kwa zana maalumu. Wengine walikimbilia ndiswrapper, iliyotumia viendeshi vya Windows ndani ya Linux. Ndipo ukawapo mduara: mtandao ulihitajika ili kukipata kifurushi ambacho ndicho kingeleta mtandao. Asiye na waya aliazima kompyuta ya mwenziwe. Wenye kadi za Intel walikuwa na nafuu, kwa kuwa kampuni hiyo iliruhusu programu dhibiti yake isambazwe, ingawa msimbo chanzo wake ulibaki siri.

Majibu yalitofautiana. Ubuntu 7.04, ya mwaka 2007, ilimwekea mtumiaji dirisha la kuwasha viendeshi visivyo huria. Fedora ilikubali programu dhibiti yenye ruhusa ya kusambazwa, ikakataa viendeshi funge. Debian 6.0, mwaka 2011, iliondoa katika kerneli yake programu dhibiti zote zisizo huria. Naona uamuzi huo ulikuwa mwaminifu kwa Mkataba. Lakini gharama yake haikubebwa na watengenezaji wa kadi. Ilibebwa na mtu aliyenunua kompyuta iliyotumika, asiyeweza kuchagua kadi iliyomo.

Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura na kubadili kifungu cha tano cha Mkataba. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikawa na sehemu ya pekee ya programu dhibiti zisizo huria, na kisakinishi rasmi huzipakia chenyewe pale kifaa kinapozihitaji. Asiyezitaka anaweza kuzizuia kabla ya kuanza kusakinisha.