Chuo cha Kurani na Shule za Kindu

Kindu, mkoani Maniema nchini Kongo, haukuwa mji wa kabila moja wala wa dini moja. Hapa mizigo iliyopanda Lualaba kutoka Ponthierville, Ubundu ya leo, ilishushwa kutoka melini na kupakiwa kwenye reli iliyofika Kongolo mwaka 1910. Kazi za bandari na reli ziliwakusanya Wakusu, Walega, Wasongola, Wagenya na wageni wa mbali, wakaelewana kwa Kiswahili kilicholetwa Maniema na Waungwana, watu wa misafara iliyotoka pwani. Watoto wao, hata hivyo, walisoma katika shule mbalimbali. Ninaamini shule za mji huu zitashirikiana nusunusu tu hadi chuo cha Kurani kihesabiwe kuwa mwenzao, maana ndicho kilichotangulia kuwafundisha watoto wadogo wa Maniema kushika kalamu.

Kurani ilisomeshwa Nyangwe na Kasongo kabla Wabelgiji hawajaiteka miji hiyo mwaka 1893. Mwaka 1906 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliafikiana na Vatikani: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Ruzuku ilipokuja ikaenda kwa misheni hizo za Kibelgiji, Waprotestanti wakangoja mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwalimu wa chuo hakupata kitu, kwa kuwa wakoloni waliuogopa Uislamu. Mzazi Mwislamu aliyetaka mwanawe ajue Kifaransa hakuwa na njia ila kumpeleka kwa mapadri. Kuta hizo kati ya shule zilijengwa kwa sheria na fedha, majirani hawakuzijenga. Mobutu alizitwaa shule zote mwishoni mwa mwaka 1974, kisha mkataba wa Februari 1977 ukarudisha usimamizi kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu nao wakaja kupata shule zao za mkataba. Kila upande ulibaki na jina lake, lakini programu ikawa moja na mtihani wa serikali ukawa mmoja. Huo ndio ushirikiano halisi tulionao, na ni wa kuheshimiwa. Kasoro yake ni kwamba ulianzia darasa la kwanza. Sheria ya mwaka 2014 inaitambua shule ya maternele, yaani ya watoto kabla ya darasa la kwanza, lakini masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yalihusu shule za msingi, na kwa familia nyingi maternele bado ni ya mwenye pesa.

Wako watakaosema chuo hukaririsha maneno ambayo mtoto haelewi. Ni kweli kwa sehemu, lakini Kifaransa nacho ni kigeni kwa mtoto wa Alunguli hapa Kindu, na aliyekwisha kutofautisha herufi na sauti haanzi mikono mitupu. Hoja nzito zaidi ni kwamba chuo kilifuata wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na Maniema iliumia sana mikononi mwao. Hilo lisifichwe. Lakini misheni nazo zilifuata bunduki za Force Publique, jeshi la wakoloni, na hatujafunga shule zao kwa sababu hiyo. Wala dola kutokuwa na dini si kizuizi, maana imefunga mkataba na makanisa tangu 1977.

Wakaguzi na wakuu wa shule za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, waiteni walimu wa vyuo kabla ya Septemba, mpatane saa za masomo, ili mtoto asilazimike kuacha chuo ndipo apate maternele.