Mabomba ya faibaglasi na vita dhidi ya asidi katika mitaro ya majitaka

BARABARA ya mjini inapodidimia ghafla, lawama huelekezwa kwa mvua au kwa malori mazito. Hata hivyo, mara nyingi chanzo huwa bomba la majitaka lililopita chini yake, ambalo limeliwa polepole kwa miaka mingi hadi paa lake likaporomoka.

Mabomba mengi makubwa ya majitaka duniani yametengenezwa kwa saruji, na adui mkuu wa saruji ndani ya mtaro ni asidi. Ndiyo sababu wahandisi wa miji kadhaa wamegeukia mabomba ya faibaglasi, ambayo asidi hiyo haiyali. Lakini bomba hili lina masharti yake, na mji usioyatimiza waweza kulipa gharama kubwa bila kupata faida.

Asidi yenyewe haimwagwi na mtu. Majitaka yanaposafiri mwendo mrefu, hewa ya oksijeni iliyomo huisha. Bakteria wanaoishi kwenye utelezi wa ukuta wa bomba huanza kuzalisha gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo hupanda juu ya maji na kunata kwenye paa lenye unyevu. Huko bakteria wa aina nyingine huigeuza kuwa asidi ya salfuriki.

Asidi hiyo hubadilisha saruji kuwa jasi, kitu laini kama chokaa mbichi kinachobanduka kwa kidole. Ndipo vyuma vilivyomo hushika kutu. Mchango wa bakteria hao ulielezwa mnamo 1945 na mtafiti C. D. Parker, aliyechunguza mitaro ya mji wa Melbourne, Australia. Jambo la kuzingatia ni kwamba bomba huoza juu, sehemu isiyoguswa na maji, hivyo majitaka huendelea kupita vizuri hadi siku ya kuporomoka.

Joto na ardhi tambarare huzidisha tatizo, kwa kuwa bakteria huzaana upesi na maji hutembea polepole. Gesi hiyo pia ni hatari kwa uhai. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa kunusa, na wafanyakazi wanaoingia mashimoni bila vifaa hupoteza fahamu kabla ya kutambua hatari.

Bomba la faibaglasi huundwa kwa nyuzi za kioo, mchanga safi na gundi ya plastiki iitwayo resini. Zipo njia kuu mbili za kulitengeneza. Ya kwanza ni kuzungushia nyuzi zilizolowa resini kwenye gurudumu refu. Ya pili ni kumimina malighafi ndani ya kalibu inayozunguka kwa kasi ili igandamane ukutani. Kwa vyovyote vile, tabaka la ndani linalokutana na majitaka huwa na resini nyingi zaidi, kwani ndilo ngao.

Faida zake hazikomei kwenye asidi. Ni jepesi mno likilinganishwa na bomba la saruji la kipenyo hichohicho, kwa hivyo hubebwa kwa mashine ndogo. Vipande vyake huwa virefu, hivyo viungo hupungua, na uso wake wa ndani ni laini. Aidha, laweza kusukumwa ndani ya bomba kuukuu la saruji, kisha nafasi iliyobaki ikajazwa uji wa saruji, bila kuchimbua barabara nzima.

Hata hivyo, si kila bomba liitwalo faibaglasi linafaa. Baadhi ya mabomba ya kizazi cha kwanza yalipasuka kwa sababu asidi ilipenya kwenye nyufa ndogo na kushambulia nyuzi za kioo zilizokuwa zimevutwa na uzito wa udongo. Tangu hapo nyuzi zinazostahimili asidi zilibuniwa, na kipimo maalumu kikawekwa.

Katika kipimo hicho, kiitwacho ASTM D3681, vipande vya bomba hubanwa hadi vikabonyea, kisha asidi ya salfuriki huwekwa ndani. Vingine huachwa kwa zaidi ya saa 10,000, yaani zaidi ya mwaka mmoja. Matokeo hutumiwa kukadiria hali ya bomba baada ya miaka 50. Mnunuzi anapaswa kudai cheti cha kipimo hiki, wala si maneno ya muuzaji pekee.

Sharti la pili liko mtaroni. Bomba la saruji hubeba mzigo kwa ugumu wake, ilhali la faibaglasi hunyumbuka na kutegemea udongo wa kando ulishikilie. Mchanga au kokoto ndogo zisiposhindiliwa vyema pande zote mbili, bomba hubonyea na kuwa kama yai. Kwa kawaida mbonyeo wa muda mrefu hautakiwi kuzidi asilimia 5 ya kipenyo.

Kwa Nairobi, onyo hili lina uzito. Maeneo mengi ya mashariki mwa jiji yana udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo haufai kurudishwa kulizunguka bomba. Tena, kwa kuwa bomba ni jepesi, mtaro ukijaa maji kabla ya kufukiwa, huelea na kupoteza mteremko wake.

Sharti la tatu ni kutoacha mwanya. Mji ukilaza mabomba ya faibaglasi lakini ukajenga mashimo ya ukaguzi kwa saruji isiyokingwa, asidi itahamia huko. Vilevile, ncha zilizokatwa zapasa kupakwa resini, na fundi anayekata ajikinge dhidi ya vumbi lake.

Mji wa Warsaw, Poland, ulipata funzo chungu. Mabomba mawili ya faibaglasi yenye kipenyo cha mita 1.6, yaliyopeleka majitaka chini ya mto Vistula tangu 2012, yaliharibika Agosti 2019. Majitaka ghafi yalimwagwa mtoni, na wanajeshi wakajenga daraja la kuelea ili kubeba mabomba ya muda. Agosti 2020 mfumo huo uliharibika tena. Ni dhahiri kwamba jina la malighafi pekee si dhamana.

Kwa mabomba madogo ya mitaani, plastiki ya kawaida huwa nafuu na haiogopi asidi. Faibaglasi yafaa zaidi kwa njia kuu zenye vipenyo vikubwa, hasa pale ambapo maji hukawia na gesi ni nyingi.

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za maji na usafi ni jukumu la serikali za kaunti, na Kifungu cha 43 chatambua usafi wa mazingira kuwa haki ya kila mtu. Kwa hivyo, zabuni ya mtaro mkuu isiangalie bei ya bomba tu. Izingatie pia cheti cha asidi, malipo ya mkaguzi anayesimamia ushindiliaji, na kipimo cha mbonyeo kabla ya mkandarasi kulipwa fedha za mwisho. Kasoro iliyofukiwa haionekani tena, na atakayeilipia ni mwananchi.