Risasi ya Dum Dum na Sheria ya Wenye Nguvu



Neno "risasi" katika lugha yetu lina maana mbili: madini mazito yaliyo laini, na kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Kisa hiki kinazihusu zote mbili.

Katika miaka ya 1890 askari wa Kiingereza huko India walikuwa na bunduki mpya yenye risasi nyembamba, milimita 7.7, iliyovikwa gamba gumu la shaba na nikeli. Baada ya vita vya Chitral, mwaka 1895, walilalamika kwamba risasi hiyo hupenya ikapita, na aliyepigwa huzidi kuja. Kapteni Neville Bertie-Clay, msimamizi wa kiwanda cha risasi cha Dum Dum, karibu na Calcutta, akatafuta dawa. Aliliondoa gamba kwenye ncha tu, madini yakabaki wazi kidogo. Basi ilipoingia mwilini, ncha ile laini ilibonyea ikatanuka, ikararua nyama na kuvunja mifupa. Mwaka 1897 na 1898 ilitumiwa katika milima ya Tirah, dhidi ya Waafridi na Waorakzai, makabila ya Kiislamu ya mpakani mwa Afghanistan.

Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague kuzipiga marufuku risasi za kutanuka. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alipinga. Alidai kuwa askari mstaarabu akijeruhiwa hurudi nyuma, bali "mshenzi" huzidi kusonga mbele. Azimio likapita, na Uingereza haikujiunga nalo mpaka 1907. Hata hivyo, tazama lilivyoandikwa: liliwafunga waliotia sahihi pale tu wanapopigana wao kwa wao. Mtu wa Tirah, asiyekuwa na kiti mkutanoni, halikumkinga.

Ikapita miaka 111. Mwaka 2010, hapa jirani Kampala, nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai zilikubaliana kwamba kutumia risasi hizo katika vita vya ndani ya nchi nako kuwe jinai ya kivita, kwa nchi zitakazoridhia.

Bertie-Clay alikuwa fundi hodari. Basi ewe mzazi, unapomsomesha mwanao ufundi, mfunze na swali hili: kazi ya mkono wangu itamfikia nani, na je, ningeridhia imfikie ndugu yangu?