Jibini na mvinyo wa Jura

Msafiri afikaye Arbois, mashariki mwa Ufaransa, huandaliwa jibini ya Comté pamoja na mvinyo wa manjano uliokaa zaidi ya miaka 6 kwenye pipa. Utamu huo ulizaliwa na dhiki. Jibini moja nzima huhitaji takriban lita 400 za maziwa, kiasi kilichomshinda mfugaji mmoja; hivyo tangu karne ya 13 wanavijiji walichanga maziwa, wapate akiba ya majira ya baridi. Mwishoni mwa karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera aliteketeza mizabibu. Wakulima waliosalia walipigania jina lao, na mwaka 1936 mvinyo wa Arbois ukawa miongoni mwa mivinyo ya kwanza kulindwa kisheria nchini humo. Comté ilifuata mwaka 1958.